Kamanda wa Ziwa Tanganyika na Mabega Yaliyombeba

Mtu aingiaye Kikuubo asubuhi, pale katikati ya mji wa Kampala, hana budi kutazama mbele na kusikiliza nyuma. Njia yenyewe ni nyembamba, na ndiyo maana ya jina lake katika Kiganda. Maduka ya jumla yamebanana pande zote mbili, na katikati hupita magunia ya sukari, katoni za sabuni, madebe ya mafuta ya kupikia na marobota ya nguo, yote yakiwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Ukisikia "Pisha!" nyuma yako, huna nafasi ya kuuliza ni nani aliyesema. Unapisha.

Hivi karibuni tulisimama kando ya mlango wa duka moja la hapo, tukitazama lori likipakiwa. Tuliambiwa kwamba mzigo ule unakwenda Kongo. Sehemu yake ilikuwa imevuka bahari kwa meli hadi Mombasa, kisha ikapanda barabara kuu hadi Kampala. Lakini kutoka lori hadi duka, na kutoka duka hadi lori jingine, njia ilikuwa ile ile waliyoijua babu zetu: bega la mtu. Juu ya mlango jina la mwenye duka lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Majina ya wabebaji hayakuandikwa popote.

Mandhari hiyo ilitukumbusha kisa ambacho askari wa nchi kavu, wa majini na wa polisi wanastahili kukijua. Ni kisa cha kamanda wa Jeshi la Maji la Uingereza ambaye manowari zake zilikwenda Kongo vivyo hivyo, juu ya nchi kavu, zikivutwa na kusukumwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Jina lake yeye liliandikwa, nalo ni Geoffrey Basil Spicer-Simson.

AFISA ASIYE NA BAHATI

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania. Sehemu ya utoto wake aliishi Ufaransa, na huko akajifunza Kifaransa kilichokuja kumfaa sana baadaye. Alijiunga na Jeshi la Maji akiwa na umri wa miaka 14. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha, na alikuwa hodari katika kazi ya kupima mito na pwani. Alifanya kazi hiyo katika mto Yangtze nchini China, na baadaye katika mto Gambia huko Afrika Magharibi.

Lakini kila alipopewa manowari, balaa lilimfuata. Katika mazoezi mwaka 1905 mbinu yake ya kusaka nyambizi ilikaribia kuizamisha nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Safari nyingine aliikwamisha manowari ufukweni. Mara nyingine tena manowari yake iligongana na mashua, naye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wenzake aliosoma nao wakapanda vyeo, yeye akabaki nyuma.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 alipewa kundi dogo la vyombo vya kulinda pwani ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba mwaka huo nyambizi ya Wajerumani iliipiga na kuizamisha manowari ya Niger mchana kweupe, karibu na mji wa Deal. Afisa wetu wakati huo alikuwa nchi kavu, hotelini pamoja na mkewe, na kutoka huko akaiona meli iliyokuwa chini ya amri yake ikizama. Baada ya hapo alipewa meza na kalamu katika makao makuu ya Jeshi la Maji mjini London. Kila aliyemjua aliamini kwamba habari yake imekwisha.

WAZO LA MWINDAJI

Mwezi Aprili 1915 mtu mmoja aliyeitwa John Lee alifika katika makao makuu hayo. Lee alikuwa mwindaji wa tembo na mpiganaji wa zamani wa Vita vya Makaburu, naye aliyajua mazingira ya Ziwa Tanganyika. Alieleza kwamba Wajerumani wamelitawala ziwa lile lote, ambalo urefu wake hupita kilomita 600. Walikuwa na meli mbili ndogo zenye mizinga, Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwezi Agosti 1914 waliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu siku hiyo waliweza kuvusha askari na kushambulia Kongo na Rhodesia ya Kaskazini wapendavyo.

Tena huko Kigoma kulikuwa na meli ya tatu, kubwa kuliko zote. Hii ni Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kisha Kigoma kuungwa upya.

Shauri la Lee lilikuwa hili: boti mbili za kasi zipelekwe kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zivushwe juu ya milima na misitu mpaka ziwani. Wakubwa wakakubali. Ila Lee hakuwa afisa wa Jeshi la Maji, na maafisa wote waliosifika walikuwa wana kazi zao. Ndipo alipotazamwa yule mtu wa mezani ambaye hakuna aliyemhitaji, na zaidi ya hayo alijua Kifaransa, lugha ya Wabelgiji wa Kongo. Akapewa amri.

Boti zenyewe zilikuwa na urefu wa mita 12 tu. Kila moja ilifungwa mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa, lakini wakubwa wakakataa. Akarudi na majina ya Mimi na Toutou, nao wakayakubali bila kutambua kwamba ni maneno ya watoto wa Kifaransa kwa wanyama hao hao wawili.

MANOWARI JUU YA MILIMA

Msafara uliondoka Uingereza mwezi Juni 1915, watu wasiozidi thelathini pamoja na kamanda wao. Kwa reli kutoka Cape Town ulifika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, na mwanzoni mwa Agosti ukafika Fungurume, mahali ambapo reli iliishia. Hapo ndipo kazi hasa ilipoanza. Mbele yao palikuwa na maili 146, yaani kilomita zipatazo 235, za pori, mabonde na milima ya Mitumba, ambako njia ilipanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Magari mawili ya mvuke yaliletwa kuzikokota boti, na maksai wakafungwa pamoja nayo. Lakini gari la mvuke haliwezi kupita pasipo na njia, na njia haikuwapo. Ikabidi mamia ya wananchi wa nchi ile wakusanywe kukata miti, kuvunja mawe, kufukia mashimo na kujenga madaraja yaliyopita 150. Mahali ambapo magari yalishindwa, watu walishika kamba. Mahali ambapo maji yalikosekana, yaliletwa kwa vichwa kutoka mbali, na yakatangulia kunyweshwa magari, kwa kuwa bila maji mvuke haupatikani na boti hazitoki pale zilipo.

Ndugu askari anayesoma habari hii na aijaribu akilini mwake. Yeye ajuaye uzito wa mkoba wa siku tatu mgongoni, na afikiri uzito wa manowari.

Baada ya majuma sita msafara ulifika Sankisia, ukapanda reli ndogo hadi Bukama, kisha ukateremka mto Lualaba hadi Kabalo, na kutoka huko kwa reli tena ukafika Lukuga, karibu na mji ambao leo huitwa Kalemie. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 1915. Boti zote mbili zilikuwa salama.

Na Lee, mwenye wazo? Yeye alitangulia mapema kuitafuta na kuisafisha njia. Lakini kamanda alimtuhumu kwa ulevi na kwa kuwatukana Wabelgiji, akamwondoa katika msafara. Mtu aliyeipanda mbegu hakuwapo siku ya mavuno.

SIKU MBILI ZA USHINDI

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Spicer-Simson alikuwa akiwaongoza watu wake katika sala. Habari ikaja kwamba meli ya adui imeonekana. Hakushtuka wala hakuikatisha ibada. Aliimaliza, kisha akatoa amri ya kuingia majini. Katika jambo hili tunamsifu bila kusita, kwa kuwa utulivu wa mkubwa huwatuliza wadogo.

Meli ile ilikuwa Kingani. Mzinga wake ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma, kwa hiyo Mimi na Toutou zikaifuata kwa nyuma, mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Katika dakika zipatazo 11 kamanda wa Kijerumani, Luteni Junge, alikuwa ameuawa na meli imejisalimisha. Ikavutwa ufukweni, ikatengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Hiyo ndiyo manowari ya kwanza ya Ujerumani katika vita vile kutekwa na kuingizwa katika Jeshi la Maji la Uingereza. Mfalme George wa Tano alileta pongezi, na afisa aliyekuwa amesahauliwa akapandishwa cheo.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja zamu ya Hedwig von Wissmann. Safari hii Spicer-Simson alikuwa ndani ya Fifi, na Luteni Wainwright alikuwa ndani ya Mimi. Fifi ilikuwa nzito, tena kila mzinga wake ulipolia meli yenyewe ilipunguzwa mwendo. Risasi baada ya risasi zilipita juu ya adui na kuangukia maji. Wainwright akaipita Fifi kwa kasi, akamkaribia adui na kumlazimisha ageuke huku na huku, kisha akarudi ubavuni mwa mkubwa wake akamweleza kwamba risasi zinapita juu. Kamanda akasikia, shabaha ikateremshwa. Zilikuwa zimebaki risasi tatu tu, na moja ikakwama kwa muda mrefu ndani ya mzinga. Iliyofuata ikaipasua meli ya adui, nayo ikazama.

Kwa mapigano hayo mawili nguvu za Wajerumani katika ziwa zilivunjika, na hakuna hata mtu mmoja wa msafara ule wa Waingereza aliyeuawa ndani yake. Huo si ushindi mdogo. Lakini askari atauona pia ule muda mfupi ambapo mdogo alimwambia mkubwa ukweli naye mkubwa akausikia. Bila hapo, risasi zote zingeishia majini.

MTU ALIYE NYUMA YA CHEO

Na nje ya vita alikuwa mtu wa namna gani? Mwaka 1902 alimwoa Amy Baynes-Reed, mwanamke kutoka British Columbia nchini Kanada. Amy alikuwa naye katika miaka ya aibu na katika miaka ya sifa, na hapana mahali tuliposoma kwamba alimwacha. Watu waliomfahamu Spicer-Simson huko ziwani wameeleza mambo ya kustaajabisha. Mwili wake ulikuwa umechorwa nyoka na wanyama wengine kwa chanjo. Badala ya suruali alivaa sketi ya kaki, ambayo inasemekana ilishonwa na mkewe. Alivuta sigara zilizopigwa chapa ya jina lake. Alipokwenda kuoga alifanya jambo hilo kuwa gwaride, wenyeji wakatoka vijijini kumtazama. Wenyeji walimpa jina la utani kwa ajili ya ile sketi, na husimuliwa pia kwamba walichonga vinyago kwa sura yake.

Mazungumzo mezani yaliwachosha maafisa wake, maana alijisifu kwa mambo aliyoyatenda na kwa mengi ambayo hakuyatenda. Alipenda kuonekana mjuzi wa kila jambo. Kwa Wabelgiji, ambao ndio walioshika bandari, chakula na askari wa kuilinda kambi yake, alikuwa na kiburi kilicholeta ugomvi usiokuwa na haja.

Hatuyasemi haya kwa kumcheka marehemu. Mtu aliyedharauliwa miaka ishirini hujishonea vazi la majivuno, na vazi hilo huweza hata kumtia joto la kuvuka milima ya Mitumba. Hatari huja pale mwenye kulivaa anaposahau kwamba chini yake bado ni mtu.

WOGA BAADA YA USHUJAA

Mara baada ya kuzamishwa kwa Hedwig von Wissmann, ile meli kubwa, Graf von Götzen, ilitokea karibu na Lukuga ikiwatafuta wenzake. Maafisa na mabaharia wakasubiri amri. Kamanda aliitazama kwa darubini, na amri haikutoka. Kusema haki, Götzen ilikuwa meli ya kutisha. Ilikuwa imefungwa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari ya Königsberg, ile iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Huenda kujizuia kulikuwa busara. Lakini watu wake waliona jambo jingine usoni mwake, na tangu siku hiyo mambo hayakuwa kama kwanza.

Mwezi Juni 1916 alipelekwa kusini mwa ziwa, kwenye ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga nchini Tanzania, ili Wajerumani waliozingirwa kutoka nchi kavu wasitoroke majini. Aliogopa mizinga iliyoonekana juu ya ngome, akakaa mbali, na adui akatoroka usiku kwa mitumbwi na mashua. Ngome ilipotwaliwa, ile mizinga ilionekana kuwa ya mbao.

Baada ya aibu hiyo aliugua. Alijifungia kibandani, mwili na akili vikiwa vimechoka, na daktari wa msafara akashauri arudishwe Uingereza. Zamani watu waliuita ugonjwa kama huu ulegevu. Siku hizi majeshi yanajua kwamba moyo wa askari nao hujeruhiwa kama mguu, na jeraha lisilosemwa ndilo huoza. Laiti kamanda yule angekuwa na mtu mmoja wa kumwambia ukweli wake, huenda asingefika pale. Lakini mwenye kujisifu kila jioni hawezi kuungama asubuhi.

Götzen nayo haikupigana tena. Mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo yake mafuta mazito na kuizamisha kwa makusudi. Iliinuliwa tena, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikawa chombo cha wananchi cha kubeba abiria, samaki na mahindi, na hata mwaka 2015 iliwavusha wakimbizi wa Burundi kuwapeleka Kigoma. Meli iliyoundwa kwa fahari ya dola moja ilikuja kuheshimika kwa kubeba mizigo ya wanyonge.

Spicer-Simson alipewa nishani ya Uingereza na nishani za Ubelgiji, lakini hakupewa tena amri ya vita. Mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Jeshi la Maji katika mkutano wa amani wa Versailles. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1937 alikuwa Katibu Mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, na kazi hiyo ya kupima kina na kuchora ramani ndiyo iliyomfaa tangu ujana wake. Kisha akahamia British Columbia, nchi ya mkewe, na huko akafariki mwaka 1947.

Mwaka 1935 mwandishi C. S. Forester alitunga riwaya iliyotokana na vita vya ziwa lile, The African Queen, na mwaka 1951 ikatolewa filamu yake. Sehemu ya filamu ilipigwa hapa kwetu Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison. Lakini ndani yake hayumo Spicer-Simson, wala Lee, wala wale waliovuta kamba.

KURUDI KIKUUBO

Vita ile katika Afrika Mashariki ilibebwa na wapagazi. Maelfu yao walitoka Uganda, na mwaka 1916 wengi walibeba chakula na risasi za majeshi ya Wabelgiji yaliyoingia Rwanda na hatimaye kuitwaa Tabora. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo kila siku hutamkwa na watu wasiojua kwamba wanalitaja jeshi la wabeba mizigo.

Tulipoondoka Kikuubo siku ile lori lilikuwa limejaa. Vijana walioupakia mzigo walikuwa wamekaa ukingoni wakinywa maji, na kamba zao zimezungushwa mabegani. Dereva akapanda, akawasha mtambo, akaondoka kuelekea Kongo. Mmoja wa wale vijana alisimama, akaenda barabarani kusimamisha pikipiki na magari mengine ili lori lipate kutoka. Hakuna aliyemwamuru.

Tulifikiri juu ya askari wetu, walio katika doria za Nalubaale na Mwitanzige, na walio katika vituo vidogo vya polisi vilivyo mbali na lami. Kati yao wamo watakaopewa amri juu ya wenzao, na siku moja ripoti itaandikwa kwa jina la mkubwa. Siku hiyo na amkumbuke kamanda wa sketi ya kaki, aliyekuwa shujaa kwa dakika 11 na aliyekuwa mpweke kwa muda mrefu zaidi. Kisha, kabla ya kutia sahihi, na auulize mkono wake: waliobeba ni akina nani, na majina yao yako wapi katika karatasi hii?